Stade Lumumba iko ya nani?

Wakubwa na wadogo zangu, tukizungumzia Stade Lumumba, kila mara tunaanza na tribune, ukuta na majani. Leo mimi naanza na mto.

Jumapili moja nilikuwa pale, mechi bado bao moja kwa moja. Dakika ya sabini hivi, kijana aliyekaa kando yangu akasimama. Nikamwuliza anakimbia wapi na mchezo ndio umepamba moto. Akajibu: "Yaya, mie niko wa Lubunga. Giza ikinikuta bandarini, piroge itapandisha bei." Goli la pili liliingia yeye tayari yuko juu ya toleka.

Kisangani ina komini sita. Tano ziko upande huu: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani. Lubunga peke yake iko ng'ambo. Mto Tshopo una daraja, mto Kongo hapa kwetu hauna. Reli ya Ubundu inaanzia Lubunga, lakini mpira mkubwa unaishia huku.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Stade hii imefanya kazi. Malekesa, Makiso na Nika zimebeba jina la Boyoma katika ligi ya taifa, na siku ya derby hakuna anayekuuliza kabila. Ndiyo maana jina la Lumumba linaifaa. Alifanya kazi posta ya mji huu ukiitwa Stanleyville, na Oktoba 1959 MNC ilifanya kongamano lake hapa. Alihubiri taifa moja.

Sasa tupime stade kwa jina lake. Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Mbole na Lengola umeua watu Lubunga, nyumba zimechomwa, maelfu wakavuka mto kutafuta usalama huku kwetu. Kama kuna komini inayohitaji mahali ambapo vijana wa pande mbili wanavaa jezi moja, ni ile. Na ndiyo hiyo hiyo tunayoiambia: mukitaka mpira, muvuke.

Wengine watasema jibu ni kujenga stade ingine. Watanitajia Mazembe, waliofungua uwanja wao Kamalondo mwaka 2011, katikati ya mashabiki wao. Sawa, lakini Mazembe iko na pesa. Mie siombi tribune. Naomba mambo mawili. Timu ya Lubunga ikicheza Stade Lumumba, mechi ianze saa nane ya mchana, si saa kumi, maana kwetu saa kumi na mbili jua linazama, na mto haungojei dakika za nyongeza. La pili, baadhi ya mechi za entente ya mji zichezwe Lubunga kwenyewe, hata kwenye uwanja wa mchanga wenye magoli ya miti. Refa naye apande piroge. Na sisi wa huku tuvuke, tukaketi chini pamoja nao, tujue nauli ile inauma namna gani.

Stade ya mji mzima haiwezi kuwa na upande mmoja wa mto. Tusipovuka sisi kwanza, jina la Lumumba litabaki rangi ya ukutani tu.

Wewe wa Lubunga, kama nadanganya, unikosoe.