Jina la Kamanyola na Kumbukumbu ya Wazazi

Jina la Kamanyola limesafiri mbali kuliko watu wa Kamanyola. Mwezi wa Juni 1964 jeshi la serikali lilipigana na waasi kwenye daraja la huko, naye Mobutu, mkuu wa jeshi, alikuwapo. Alipotwaa nchi mwaka 1965, alilifanya jina hilo kuwa sifa yake. Divisheni ya askari iliitwa Kamanyola; meli yake ya mtoni, Kamanyola; na uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, uliofunguliwa 1994, nao pia ukaitwa Kamanyola. Mwaka 1997 uwanja ukapewa jina jingine, nayo sifa ikaisha. Katika sifa hiyo yote, je, alitajwa mama mmoja aliyelima mihogo kando ya Ruzizi? Alitajwa mzee mmoja aliyezikwa pale? Wenye nguvu walichukua jina, wakaacha mahali.

Tumewaza hayo tulipokuwa tukisoma kitabu kilichotungwa juu ya maisha ya upande wa pili wa mto. Ni riwaya ya Gaël Faye, «Petit pays», yaani Nchi Ndogo, iliyotoka Ufaransa mwaka 2016 na kupata tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari. Mwandishi alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda. Mwaka 1995 vita vikampeleka Ufaransa. Anayesimulia katika kitabu ni mtoto aitwaye Gabriel. Huyu si Faye mwenyewe, na msomaji asiwachanganye. Lakini uchungu wa kupoteza kwao ni wa kweli.

Uzuri wa kwanza wa kitabu ni kwamba chajenga kumbukumbu kwa vitu vidogo: maembe yaliyoibwa kwa majirani, gari bovu ambamo watoto walijificha, jirani mzee Mgiriki aliyeazima vitabu. Na hasa kuna habari ya baiskeli. Baiskeli ya Gabriel yaibwa, yauzwa, yaonekana kwa maskini mmoja aliyemnunulia mwanawe. Gabriel airudisha kwake kwa haki, lakini furaha haipo tena, maana ameona machozi ya mtoto mwingine. Mwandishi mdogo kuliko huyu angeiacha habari hiyo, ili utoto wake ubaki safi.

Uzuri wa pili ni mgumu zaidi kuupokea. Faye hawasifu wazazi wa Gabriel kupita kiasi. Baba na mama wagombana, waachana. Baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994 mama arudi kutoka kule akili yake imevunjika, na usiku amsimulia binti yake mdogo mambo ya maiti ambayo mtoto hawezi kuyabeba. Wengine watasema: huku ni kuwavunjia heshima wazazi. Sisi hatuoni hivyo. Tumefundishwa kuwaheshimu baba na mama, wala hatukufundishwa kuwasingizia wema wasiokuwa nao. Katika matanga yetu kila marehemu hakugomba kamwe, hakukosea kamwe. Basi baada ya mwaka mmoja wajukuu hawawezi kumtofautisha na marehemu mwingine. Mzazi aliyepakwa chokaa hivyo amezikwa mara ya pili. Gabriel, baada ya miaka mingi, amkuta mama yake katika kilabu cha pombe. Naye amwita kwa jina la mtoto mwingine, aliyekufa. Twalia naye kwa sababu tulikwisha kumjua mama huyo kwa mema na mabaya yake.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Twaiona nchi kutoka ndani ya ua wa nyumba nzuri. Prothé mpishi, Innocent dereva, Donatien msimamizi, ambaye ni mtu wa Zaire, twawajua kwa kazi zao kuliko kwa makwao. Na baba, aliyeuawa njiani siku chache baada ya watoto kuondoka, apewa maneno machache mno. Hapo tulitamani mwandishi akae kidogo.

Na sisi wa bondeni je? Septemba 2017 wakimbizi wa Burundi zaidi ya 30 waliuawa kwa risasi za askari hapo hapo Kamanyola. Mwaka 2025 vita viliwaondoa watu wengi wa bonde, wakavuka Ruzizi kwenda Burundi, na maelfu walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Wako watoto ambao kaburi la baba liko ng'ambo moja nao wakakulia ng'ambo nyingine. Hao hawatarithi shamba wala nyumba; labda watarithi habari tu. Basi, aliye na daftari amwulize mzee wake leo: shamba letu lilipakana na nani? Mama aliimba nini akitwanga? Baba alikasirishwa na nini? Tena aandike na majibu yasiyopendeza. Mkataa kwao ni mtumwa, walisema wazee. Lakini atakayependa kwao ni lazima kwanza aambiwe kulikuwaje.