Saa 20 Ni Nyingi Mno

Utafiti wa EAGLE uliharibika kabla ya mgonjwa wa kwanza kulazwa, na sitachoka kulisema. Matokeo ya 2010 mnayakumbuka: wagonjwa 84 wa Ujerumani na Austria walioziba ateri ya kati ya retina, baadhi wakapitishiwa katheta kumwaga dawa ya kuyeyusha donge la damu, wengine wakapewa tiba ya kawaida. Waligawanywa vizuri, kwa bahati nasibu, na kazi ikasimamishwa kiungwana madhara yalipofika asilimia 37.1 kwenye kundi la katheta dhidi ya 4.3. Sifa zangu zinaishia hapo.

Nani aliruhusu mgonjwa aingizwe hadi saa 20 tangu jicho lizime? Hebu rudini kwenye picha ya nyuma ya jicho. Weupe ule wa maziwa unaozunguka doa jekundu hautangazi ateri iliyoziba sasa hivi. Ni seli za tabaka la ndani zilizokwisha kuvimba kwa kukosa damu. Katikati panabaki pekundu kwa sababu retina pale ni nyembamba na koroidi, yenye damu yake, inaonekana kwa chini. Saa za mwanzo picha ya rangi huweza kuwa safi kabisa. Weupe ukikolea, muda umeshaliwa.

Hayo hayakuwa siri. Hayreh, mtafiti wa macho kule Iowa, alishaonyesha kwa tumbili mwaka 1980 kwamba retina huvumilia kukosa damu kwa kama dakika 97. Baadaye, kwa tumbili wazee wenye shinikizo la damu, akakuta kwamba zikipita dakika 240 uharibifu ni mkubwa na haurudi nyuma. Saa 20 ni dakika 1,200! Kundi la katheta lilitibiwa kwa wastani baada ya zaidi ya saa 12, kisha dawa ndiyo ikabeba lawama.

Utetezi naujua: kwa binadamu ateri aghalabu haizibi yote. Sawa, lakini hilo huonekana kwa picha za fluoresini, halisomwi kwenye saa ya ukutani.

Wapenzi wa OCT, skani ya tabaka za retina, msinirukie. Tabaka la ndani huanza kung'aa humo kabla weupe haujaonekana, nakubali. Ila tatizo si chombo, ni umakini: von Graefe mwaka 1859 alitambua donge kwa ofthalmoskopu ya Helmholtz, chombo cha miaka 8 tu, na Hollenhorst mwaka 1961 aliona vipande vya kolesteroli vikimetameta kwenye matawi ya ateri, akaelekeza macho shingoni, kwenye karotidi. Siku hizi mtu anabonyeza kamera, anaandika "kawaida", anamrudisha mgonjwa nyumbani.

Jicho likizima ghafla bila maumivu, lichukulieni kama kiharusi hata picha ikiwa safi, na mgonjwa apelekwe saa hiyo hiyo kwenye hospitali inayotibu kiharusi.