Raza hampigi, sasa Yasmin alikimbia nini?

Mwezi huu nimesoma vitabu vya mapenzi na vya nchi zilizokwenda kombo kwa zamu: kimoja cha mahaba, kimoja cha balaa. Sikupanga. Rafiki yangu alihama Singida akaniachia boksi la vitabu, na mimi nikawa nachomoa chochote kilichokuja mkononi. Jioni upepo wa huku unavuma mpaka mabati yanalia, hakuna pa kwenda, basi unasoma.

Cha kwanza kilikuwa Mfadhili cha Hussein Tuwa. Waliopita kidato cha tano na sita wanamjua Gaddi Bullah, na wengi wamelia naye. Mimi pia, ukubwani. Lakini nilipomaliza niliona kwamba mapenzi ya Gaddi na Dania yanaendeshwa na vidonda vya moyo na ajali za maisha tu. Adui wa wapenzi ni usaliti na bahati mbaya. Serikali haipo, sheria haipo, hata jirani hapo hana sauti kubwa. Ni mapenzi ya watu wawili ndani ya chumba. Raha kusoma, ila ukitoka nje ya kitabu unakuta dunia ina watu wengi zaidi.

Kisha nikachomoa Walenisi cha Katama Mkangi, kilichotoka mwaka 1995. Mwanzo wake ni mzuri ajabu: Dzombo amehukumiwa kifo, na kifo chenyewe ni kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Mwandishi huyu aliwahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Kenya miaka ya themanini, na hilo unalihisi katika ukurasa wa hukumu. Anajua mtu anavyosikia kesi yake ikiamuliwa kabla hajafungua mdomo. Tatizo linaanza Dzombo anapofika kwenye sayari njema ya Walenisi. Kila mtu pale ana busara, kila mtu anaeleza, na mimi nikaanza kusinzia. Nchi mbaya ya Mkangi ina pumzi, nchi nzuri ina hotuba.

Shaaban Robert naye, mwaka 1951, aliiweka Kusadikika angani, akamsimamisha Karama mbele ya mashtaka ya Majivuno. Waandishi wetu mambo yakiwa mazito ardhini huyapandisha juu. Siwacheki. Mimi ni mwandishi wa habari, najua neno "inadaiwa" lina uzito gani mezani kwa mhariri.

Mzingile ya Kezilahabi niliiweka chini mara mbili. Mara ya tatu nilifika mwisho, nikiwa sina hakika nimefika wapi. Ile dunia iliyobaki magofu bado inanijia nikiwa njiani, hasa kiangazi mashamba ya alizeti yanapobaki vijiti vikavu. Kwa leo nitaishia hapo.

Kitabu kilichonishika kweli ni kile nilichodhani nakijua: Vuta N'kuvute cha Shafi Adam Shafi. Tulikisoma shuleni, tukafundishwa kujibu swali la dhamira na migogoro, tukasahau kwamba ni kitabu cha mapenzi. Safari hii nilikisoma kwa ajili ya Yasmin na Denge tu. Unguja ya Waingereza, Denge anapanga mambo yake ya siri, Inspekta Wright na Koplo Matata wanamnusa kila kona. Kila wapenzi hawa wanapokutana, unasikiliza mlango. Hapo ndipo nilipoona kwamba kile nilichokitafuta kwenye sayari za mbali Shafi alikwisha kukiweka kwenye vichochoro vya Ng'ambo: dola inayotaka kujua nani amelala wapi. Haina chombo cha angani. Ina Koplo Matata.

Lakini kabla ya Denge yupo Raza. Yasmin ana miaka 15 anapoozwa kwa Raza, mwanamume mwenye duka, mkubwa wa kuweza kumzaa. Nilipokuwa shuleni ukurasa huo ulinipita kama maelezo ya utangulizi. Sasa nilisimama. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa umri huohuo kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kwa hiyo ndoa ya Yasmin si habari za zamani za mkoloni. Nilipoliona hilo, kitabu cha mahaba kikageuka mkononi mwangu.

Jumapili nilienda kwa mama mdogo, kijijini. Na yeye aliolewa na miaka hiyohiyo. Nilimkuta anachambua vitunguu, nikamsimulia Yasmin wakati nikimsaidia. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika pale Yasmin anapomkimbia mume.

"Anampiga?" akauliza.

Nikamwambia sikumbuki kuona akimpiga.

"Anamnyima chakula?"

"Hapana, mama."

"Sasa huyo mtoto alikimbia nini?"

Nilikuwa na jibu la semina: haki, umri, ridhaa. Halikutoka. Alikuwa anauliza kweli, si kwa kubisha. Nikarudi kwenye kitabu usiku ule kutafuta jibu la Shafi, na nadhani ndiyo nguvu yake kubwa: hakumfanya Raza kuwa shetani. Angemfanya mkatili, sote tungempigia Yasmin makofi na kulala usingizi. Raza anampenda kwa namna yake, na Yasmin anakufa kwa upweke pembeni yake. Hapo msomaji hana pa kujificha.

Lawama yangu kwa Shafi ni moja. Denge anapoingia, siasa inamjaza nafasi yote, na Yasmin mara nyingi anabaki kumsubiri. Msichana aliyethubutu kuvunja ndoa anageuka mtu wa kuchungulia dirishani. Nilitaka kusikia anawaza nini yeye kuhusu uhuru huo unaopiganiwa.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea mama mdogo kitabu chenyewe, nikamsomea pale familia inapomkataa Yasmin na Mwajuma anampokea. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Huyo Mwajuma," akasema, "alikuwa na vyumba vingapi?"

Nikasema maisha yake yalikuwa ya kubana tu. Akaendelea na vitunguu vyake kwa muda, akatupa maganda pembeni.

"Sisi hatukuwa na Mwajuma," akasema. "Haya, soma."