Bweni Lisilo na Kitabu: Katanga na Mipaka ya Fasihi ya Kiswahili

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili unapogusia shule ya bweni huanzia, na mara nyingi huishia, kwenye Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Hilo halishangazi. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania, baadaye ikarudi ikawa kitabu cha kufundishia, na mjadala juu yake haujakoma hata baada ya mwandishi wake kufariki mwaka 2020. Makala haya yanakusudia kuitazama tena, ila kwa kusimama ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo Kiswahili kimekuwa lugha ya vijana wa bweni kwa vizazi kadhaa bila ya bweni hilo kupata kitabu mashuhuri katika lugha hiyo. Nchi hiyo ni Katanga, nasi tutaanzia Bukama.

Reli iliyotoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama mwaka 1918 ikakutana na mto Lualaba. Miaka kumi baadaye njia ilikuwa imeendelezwa, kupitia Kamina, hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Johannes Fabian (1986) ameonyesha jinsi dola ya kikoloni, makampuni na misheni walivyokitwaa Kiswahili huko kuwa lugha ya kuamrishia kazi. Basi mtoto wa Bukama alikua na Kiluba nyumbani, Kiswahili stesheni na gatini, na kila alivyopanda madarasa Kifaransa kikazidi kumzunguka. Akipelekwa bweni, Kamina au mbali zaidi, alikuta wenzake wasiojua Kiluba. Hapo Kiswahili kilichukua nafasi yake: penye foleni ya bukari, penye bomba la maji, na usiku taa zikishazimwa. Ni Kiswahili cha batoto na bantu, ambacho kwacho kwenda shule ni kwenda ku masomo. Mwalimu wa Kifaransa hakukihesabu, na mtaalamu wa Kiswahili sanifu hukisahihisha. Hata hivyo ndicho kilichowafanya watoto wa makabila mbalimbali kuwa jamii moja.

Je, nani ameiandika jamii hiyo? Jina la kwanza linalokuja ni la V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville (Likasi) mwaka 1941 na kufariki Marekani mwaka 2025. Kitabu chake Les corps glorieux des mots et des êtres (1994) kinasimulia jinsi mtoto wa Katanga alivyofinyangwa na seminari, na baadaye na utawa katika monasteri ya Gihindamuyaga nchini Rwanda. Kichwa chake kidogo chataja bustani ya Kiafrika iliyopangwa kwa taratibu za Kibenedikto, na sitiari hiyo imechaguliwa kwa uangalifu: kila saa ina kazi yake, kila kazi ina sala yake, na mche hukua kama alivyotaka mwenye bustani. Ni kitabu kikubwa, na hakuna anayetaka kukijua kizazi kile cha wasomi wa Kongo anayeweza kukikwepa. Lakini msomaji anayetafuta bweni atakuta humo mtu mmoja. Kifaransa cha Mudimbe kinachunguza nafsi, na nafsi hiyo inatafakari jinsi ilivyoundwa. Wenzake wa kitandani jirani, utani wao, njaa yao na hila zao hawapati sauti ya kutosha. Sidhani kwamba hiyo ni kasoro ya mwandishi. Lugha aliyofundishwa kuandikia ilikuwa ya darasani na kanisani. Ile ya bwenini haikupewa kalamu.

Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, naye alipita seminarini, huko Nyegezi karibu na Mwanza. Wawili hawa walitenganishwa na ziwa na miaka mitatu tu, nao wote walilelewa kwa kengele ya Kikatoliki. Ila Kezilahabi aliandika kwa Kiswahili, na kwa sababu hiyo Rosa hayuko peke yake kamwe. Shuleni, na baadaye katika chuo cha ualimu Morogoro, kuna macho ya wenzake, barua, minong'ono na ushindani wa wasichana. Wahakiki wengi wamezama katika suala la malezi, wakimlaumu au kumtetea Zakaria, na riwaya yenyewe inawaelekeza huko, kwa kuwa hukumu ya mwishoni mbele ya Mungu inabaki kuwa kesi ya binti na baba. Jamii ya bweni, iliyomfunza Rosa mengi ambayo baba hakumfunza, haisimamishwi kizimbani. Kwa maoni yangu hapa riwaya inapungua. Mwandishi analiona bweni la wasichana kwa mbali, kama mtu apitaye nje ya ua, na analipita haraka kwenda kwenye maafa. Hata hivyo amelionyesha. Mwanafunzi wa Tanzania anaweza kubishana nalo katika lugha yake.

Mtetezi wa mpaka uliopo atasema kwamba Kiswahili cha Katanga hakifai kuandikiwa. Ushahidi unamkanusha. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, aliandika Vocabulaire ya mji wa Elisabethville: historia ya mji iliyopigwa chapa ya mashine kwa Kiswahili cha huko huko, na Fabian akaichapisha mwaka 1990. Maandishi yake yanatatanisha jicho mpaka yasomwe kwa sauti, kama alivyofanya Kalundi Mango aliyeshirikiana na Fabian, ndipo sentensi zinapojitenga. Na anayesema humo ni "sisi", kundi linalokumbuka kwa pamoja. Lugha hiyo hiyo ilipanda jukwaani na kikundi cha Mufwankolo mjini Lubumbashi, na kwa lugha hiyo mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimsimulia Fabian historia nzima ya nchi yake.

Tazama basi kinyume kilichopo. Watumishi wa jikoni, ambao hawakupitia seminari, waliacha kitabu cha Kiswahili. Waliolala bwenini miaka mingi wakaacha vitabu vya Kifaransa. Shule ndiyo iliyogawa hivyo, kwa kumfundisha mwanafunzi kwamba lugha aliyoishi nayo na wenzake si ya kuandikia. Nasi tumeukubali mgawo huo. Yav husomwa na wanaisimu na wanahistoria, Mudimbe husomwa katika idara za falsafa na Kifaransa, na mitalaa ya fasihi ya Kiswahili katika vyuo vyetu huishia Kigoma.

Waliokuwa mabwenini Kamina katika miaka ya 1950 sasa ni wazee sana, na wengi wamekwisha kufa. Wanafunzi wetu wanaotafuta mada za tasnifu wangeweza kupanda treni hadi Bukama na Kamina na kuwasikiliza waliobaki, wakiwa na kinasa sauti na bila ya kugeuza batoto kuwa watoto wakati wa kunakili. Matini yakishakuwapo, yawekwe mezani pamoja na Rosa Mistika, katika kozi ile ile na mtihani ule ule.