Wazee wa 'Casablanca' na neno 'saa'

Jumapili jioni nilitazama tena Casablanca sebuleni pamoja na binti yangu. Wengi huisifu filamu hii ya 1942, iliyoelekezwa na Michael Curtiz, kwa mapenzi ya Humphrey Bogart na Ingrid Bergman. Mimi hunaswa na onyesho fupi la wazee wawili, mume na mke, wanaojiandaa kuhamia Marekani.

Wameazimia kuzungumza Kiingereza tu. Mume anapouliza wakati, anatafsiri Kijerumani sisisi: anataja saa ya mkononi. Mkewe anajibu vivyo hivyo. Binti yangu akaangua kicheko.

"Kwani walifunzwa na nani, Baba?"

Nilimweleza kwamba Kijerumani, sawa na Kiswahili, kina neno moja la wakati na la kifaa chenyewe. Sisi pia husema 'saa ngapi?' Lau wangekuwa wanakuja Kenya, tafsiri hiyo hiyo ingekuwa sahihi kabisa! Basi wazee hawa si wajinga. Wamevuka mpaka na neno lao mkononi.

Waigizaji wenyewe, Ludwig Stössel na Ilka Grüning, walikuwa wamewakimbia Wanazi. Tena mhudumu anayewasikiliza hawakosoi, anawatia moyo. Hapo ndipo ulipo ubora wa onyesho: linatuchekesha bila kuwadhalilisha wazee.

Je, ni mara ngapi sisi walimu wa Kiswahili tumemcheka mwanafunzi kwa kosa la ngeli, naye akanyamaza muhula mzima?