Pongezi kwa Fundi Nyaya wa Onduparaka

Bodaboda ikizima kati ya Arua na Koboko, Uganda, mwenyewe hulaumu petroli. Fundi wa Onduparaka hana haraka hiyo. Huchomoa plagi, huigusisha kwenye injini, hupiga kiki na kutazama kama cheche inaruka. Kisha hufuata koili, swichi, na waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu, ambao mara nyingi ndio mkosaji. CDI, kile kisanduku cheusi kinachoamua cheche iruke lini, huiacha mwisho: ukifunga mpya huku waya umechubuka, nayo yaweza kuungua. Kabla ya kuibadilisha, husafisha soketi yake kwanza. Pikipiki zilizoongezwa taa na spika, nyaya kama utumbo wa kuku, ndizo humtoa jasho. Mlipeni bila kuvutana bei.