Swali la Kwanza

Kijana wa miaka 14 akiletwa kwa mama mshauri kwa kosa la kumpiga mwenzake darasani, barua ya shule huwa imeshamtangulia: siku, saa, aliyepigwa, jino lililolegea. Mama anaisoma mara moja, anaikunja, anaiweka chini ya daftari. Kisha anauliza: "Mwanangu, jana ulilala wapi?"

Kila nikilifikiria swali hili nazidi kuuona ufundi wake. Halimuulizi mtoto sababu. "Kwa nini" ni swali la mwalimu, la baba, la polisi. Mtoto ameshalitayarishia jibu, au ameapa kunyamaza. Lakini mahali alipolala kila mtu anapajua. Nililala kwa shangazi. Nililala nje, barazani. Nililala kwa rafiki kule Alunguli, mtumbwi wa kuvukia mto haukupatikana tena. Basi nyumba nzima inaanza kujieleza yenyewe: baba alirudi amelewa, mama alikimbilia kwa jirani, mtoto alibaki katikati. Ngumi ya darasani ilianzia huko.

Hapa Kindu, kama kwingine mashariki ya Kongo, mama washauri kama huyu huitwa kwa herufi tatu za Kifaransa, APS, yaani wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii. Kazi yao ilienea kwa sababu ya vita vya 1998 hadi 2003, wakati wanawake waliobakwa walipohitaji mtu wa kuwasikiliza na kuwasindikiza hospitalini. Kutokana na haja hiyo zikaja nyumba za kusikiliza. Vita vilipopungua, kilio cha ndani ya nyumba kilibaki, na mama wale wale ndio wanaokipokea.

Tazama wanavyopanga chumba. Hakuna meza katikati. Viti viwili havitazamani uso kwa uso, vimekaa upandeupande, ili anayesema aweze kutazama ukuta au miguu yake bila kuonekana mkaidi. Kiti cha mgeni ndicho kilicho karibu na mlango: anayejua anaweza kuondoka wakati wowote hukaa kwa utulivu zaidi. Mama haandiki mtu anaposema. Akiandika baadaye, karatasi inabeba namba badala ya jina. Mtoto akinyamaza, naye ananyamaza, wala hakohoi kumharakisha. Nimewahi kujaribu ukimya wa namna ile nyumbani kwangu. Ni mzito kuliko gunia la mpunga.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulichukulia kama ukaidi. Palipo na kipigo, mshauri mzuri hawaketishi mume na mke pamoja ili wapatane. Neno ambalo mke amelisema saa kumi jioni mbele ya mumewe, huenda akalilipia saa nne usiku. Basi huyu anasikilizwa leo, yule siku nyingine, na la huyu halifiki kwa yule. Mume naye hasikilizwi kwa kuhurumiwa tu. Anaulizwa taratibu alichokifanya kwa mkono wake mwenyewe, mpaka aache kusema "hasira ilinishika" na kuanza kusema "nilimpiga". Kutoka sentensi ya kwanza hadi ya pili huenda zikapita wiki kadhaa.

Jimbo letu la Maniema si mgeni wa mafundisho ya aina hii, yanayohitaji subira. Miongoni mwa wenyeji wake, Warega wana bwami, chama chenye ngazi nyingi, ambamo mwanafunzi huonyeshwa kitu kidogo, sanamu ya pembe au ya mti, pamoja na methali, kisha maana yake huingia polepole. Na mume hapandi ngazi za juu za bwami peke yake: mkewe hupanda naye, kwa daraja lake mwenyewe. Mimi naona heshima kubwa hapo, maana cheo cha mwanamume kimefungwa kwa mkewe.

Mama mshauri anajua pia kusikiliza kunakoma wapi. Binti akisema amebakwa, mazungumzo marefu yanangoja. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, kwa hiyo mama anasimama na kumpeleka hospitalini yeye mwenyewe. Familia ya mkosaji ikija na mbuzi na maneno matamu, anawajibu kwamba tangu sheria za Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono jambo hili ni la mahakama, wala haliishi kwa mbuzi.

Shuleni kazi ni ngumu kwa namna nyingine. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na mwalimu mwenye watoto wengi hivyo huona kufukuza ni rahisi. Mshauri habishani naye. Anamwomba amrudishe mtoto darasani, amketishe mbele, amwite kwa jina lake asubuhi kabla ya somo, kwa siku kumi tu. Siku ya kumi na moja anarudi, anasimama mlangoni kidogo, anatazama kama mtoto anakaa ametulia au bado anageuka kila mlango unapolia.

Mshauri akikutana sokoni na mama wa yule kijana, anamsalimia kama anavyowasalimia wote, anauliza bei ya mchele, anapita.